Sakafu nzuri, springi zilinitoa machozi

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Juzi nikapita mbele ya gereji ile, nikaona tela nyingine inatoka getini inang'aa rangi, dereva meno yote nje kama nilivyokuwa mimi. Nikasema, huyu naye keshaliwa.

Jina silitaji. Iko nje kidogo ya Kampala, barabara ya Jinja. Miezi kadhaa iliyopita niliwapelekea tela ya futi 40, mifupa mitupu ya kubebea kontena, waiwekee sakafu nipate kupakia nondo, mbao, mashine, chochote. Na springi za ekseli zote tatu wabadilishe.

Haki yao niwape. Sakafu ni kazi ya mtu anayejua. Ndoana za minyororo zimechomelewa kwenye chesisi yenyewe, si kwenye bati. Nimekaza minyororo mpaka nondo zikalia, hakuna ndoana iliyopinda. Aliyechomelea ni kijana mmoja mkimya, Mungu ambariki.

Sasa springi. Aliyewahi kulala chini ya tela anajua: ukifunga springi mpya, yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, unazikaza siku hiyo, ukishatembea na mzigo kidogo unazikaza tena. Majani ya springi (vile vyuma bapa vilivyopangana) yanakuwa bado hayajakaliana, rangi iliyobanwa katikati inasagika, na boliti iliyokuwa ngumu jana leo inacheza. Siku ya kuchukua tela nikamuuliza msimamizi, "Nirudi lini mkaze?" Alikuwa anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, hata macho hakuinua. "Ssebo, zetu hazilegei." Na mimi, na mvi zangu hizi, nikaamini!

Nikapakia nondo za mita 12 Jinja, safari ya Mbarara. Daraja jipya la Nile, Mabira, Kampala tukaivuka usiku kukwepa foleni, yote shwari. Alfajiri, tukikaribia Lukaya, kwenye kioo naona matairi ya nyuma yamechungulia nje. Nikajiambia ni usingizi. Mizani ikatupitisha, ekseli tatu za tela hazikugusa zile tani 24 zinazoruhusiwa, nikafurahi. Mbele kidogo nikasimama, taniboi akashuka kukagua, akarudi uso umembadilika. "Mzee, tela inatembea kama kaa."

Yuboliti ya ekseli ya nyuma niliizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Sentaboliti, ile inayopita katikati ya majani ya springi na kuishika ekseli mahali pake, imekatika, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, matairi mawili yamelika mpaka waya, harufu ya mpira kama wanachoma taka. Ningefika kwenye mteremko hivyo sijui nani angeandika haya.

Nikampigia msimamizi. Akasema barabara ya Masaka ina mashimo, eti niende nikawashtaki wenye barabara. Niliporudi Kampala nikaenda mwenyewe. Wakanikalisha juu ya jerikeni nusu siku, halafu msimamizi akaja: "Hizo ulizifungua wewe." Nikamuuliza, nilizifungua huku naendesha? Mafundi wakacheka, yeye hakucheka. Mwisho wakakubali kukaza zote, wakarudisha ekseli mahali pake, na kazi wakaifanya vizuri, nisiseme uongo.

Kisha wakaniletea risiti. Bei ya sentaboliti. Matairi mawili, zaidi ya milioni moja kila moja, nimeyabeba mwenyewe bila kuwadai hata shilingi, na wao wananidai boliti! Nililipa. Ile risiti ninayo mpaka leo kwenye gari, nikiiona damu inapanda.

Siku hizi yuboliti zote nimezipiga mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika, taniboi anachukua spana. Kazi ya dakika tano ambayo wangeweza kunifanyia bure.

Kwa hiyo, usiende. Ila, kama unataka sakafu peke yake, sitakudanganya, nenda, muulizie yule kijana mkimya, springi zako peleka kwa fundi atakayekwambia rudi kabla hujamuuliza.

Nilikuwa nimeshaandika hayo, jioni taniboi ananiambia yule kijana ameondoka, amefungua kibanda chake huko Mbalala. Basi futa. Usiende kabisa. Namba yake naitafuta.