Haidroliki ya Massey Ferguson 135: uzoefu wangu na fundi aliyeanzia kwenye mafuta

Kama una trekta ya Massey Ferguson 135 na plau imeanza kunyanyuka kwa kusuasua, usikimbilie kununua pampu. Mimi nalima Babati, na msimu ukifika trekta hiyo inalimia pia mashamba ya watu kwa ekari, kwa hiyo haidroliki, yaani mfumo wa mafuta ya presha unaonyanyua plau, ikigoma, kipato kimesimama.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi inanyanyua bila shida. Jua likipanda na mafuta yakishapata moto, mikono ya nyuma inafika juu halafu inaanza kutikisika, inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena. Ukizima injini, plau inalala chini kabla hujateremka kwenye kiti.

Fundi wa kwanza, wa gereji ya mjini, hakugusa hata nati moja. Aliangalia tu akasema pampu imekufa, akanitajia bei. Wa pili ni kijana anayezunguka mashambani na pikipiki, na huduma yake ndiyo ninayoisifu hapa. Alianza na maswali: je, inagoma pia ukiwa umetoa mguu kabisa kwenye klachi? Swali la maana sana hilo, maana kwenye 135 yenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga hadi chini unasimamisha shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma), na pampu inasimama nayo. Madereva wengi huendesha huku mguu umeegemea pedali.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Trekta ikilala nje kwenye mvua, maji huingia taratibu kupitia mpira wa gia uliochanika. Tukamwaga yote, takriban lita 30, kwa sababu giaboksi, difu na haidroliki vinatumia mafuta yaleyale. Hapo ndipo pesa nyingi ilipoishia. Akasafisha pia chujio la pampu. Alinieleza kwamba katika mfumo huu wa Ferguson pampu inakaa ndani ya mafuta, na valvu inadhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu, siyo yanayotoka. Chujio likiziba, pampu nzima kabisa inaonekana mbovu.

Mafuta mapya yalipunguza tatizo, hayakulimaliza. Hapo alifanya jambo ambalo fundi wa kwanza angeweza kulifanya bila kuniuzia chochote. Alipunguza mafuta hadi chini ya usawa wa kava ya pembeni upande wa kulia, akaifungua, akaweka magogo imara chini ya plau, akawasha injini na kunyanyua. Tukamulika tochi ndani. Mafuta yalikuwa yanaruka kwa nguvu kwenye shina la bomba linalopeleka presha juu kwenye silinda inayonyanyua mikono, na mengine yanachuruzika kutoka kwenye silinda yenyewe. Pampu ilikuwa inafanya kazi yake, ila presha inavuja njiani. Nilitaka kupitisha kidole nione ukali wake, akanizuia mara moja: mafuta ya presha yanapenya ngozi, na jeraha lake linaweza kukugharimu mkono.

Kubadilisha oringi (pete za mpira zinazozuia mafuta kuvuja) na ringi za pistoni ni kazi nzito kwa sababu silinda imefungwa chini ya kava kubwa lililo chini ya kiti. Inabidi kutoa kiti, kuchomoa lile bomba kwanza, kisha kunyanyua kava kwa chenibloku. Wakati wa kurudisha, zile nyenzo za ndani zinazoshuka hadi kwenye valvu ya pampu lazima zikae mahali pake. Zikikosea, mikono itapanda isishuke, au isipande kabisa. Alihakikisha kwa kuchungulia kava ya pembeni ikiwa bado wazi, na mimi nikiwa nimeshika tochi.

Oringi zenyewe ni bei ndogo. Chagua zinazovumilia mafuta. Duka moja lilitaka kuniuzia za mabomba ya maji, hizo zingevimba na kulainika ndani ya muda mfupi.

Nisichokipenda: alikuja bila gasketi ya kava kubwa, akakata ya karatasi palepale, na upande mmoja bado unatoa jasho la mafuta. Kwa kazi ya bei ile, gasketi ilipaswa kuwa kwenye begi lake. Pia anachelewa kupokea simu wakati wa masika.

Lakini sasa plau ikinyanyuliwa jioni, asubuhi inakuwa imeshuka kidogo tu, na joto la mchana haliisumbui tena. Kutikisika kumekwisha. Kilichobaki ni ile springi ya nyuma, pale inapofungwa fito ya juu inayoshika plau, inayohisi uzito wa udongo. Imelegea, kwa hiyo kwenye udongo mgumu plau haijirekebishi kina vizuri. Hiyo ataishughulikia mahindi yakishavunwa, na nitampa yeye tena.