Parafujo ndilo lililonifungua macho: uzoefu wangu wa kununua fanicha za kale za Kireno, Lisbon

Naandika hii kwa yeyote anayekaa Ureno ama anayepanga kupita Lisbon na moyo wake unapenda vitu vya kale, viti, makasha, kabati, vigae, manake mimi nimepitia mazuri na mabaya, pesa nimetoa mfukoni mwangu, kwa hivo nawaeleza vile ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, babangu ni fundi wa makasha na milango ya nakshi, sasa amepumzika kazi lakini jicho bado liko. Lisbon huu ni mwaka wangu wa 5. Kilichonishika tangu siku za mwanzo ni maneno. Naingia duka la fanicha nasikia watu wanasema mesa, caixa, parafuso, nikasimama pale pale, yaani meza, kasha, parafujo, hiyo ni karakana ya babangu kabisa! Leso ni lenço, bendera ni bandeira. Sisi tumekua tukipelekwa Fort Jesus na shule, tunaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593 wakatolewa 1698, mizinga, kuzingirwa, basi, hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba hao hao walituachia jina la kile kitu tunachowekea chakula kila siku. Hapo ndipo nikaanza kupenda fanicha zao, na nikaanza kununua kabla sijajua kuangalia.

Kitu nilichokitaka kuliko vyote ni contador. Kwa wasiojua, hiyo ni kabati yenye droo nyingi ndogo ndogo, unaifikiria kama kasha letu lenye vidroo chini lakini hii ni droo tupu kuanzia juu mpaka chini, inakaa juu ya miguu yake. Nzuri zaidi zilitengenezwa Goa na sehemu nyingine za India miaka ya 1600, mafundi Wahindi wanafanyia Wareno, mbao ya mtiki imepachikwa mpingo na pembe ya ndovu, maduara juu ya maduara, na miguu mara nyingine imechongwa nusu mwanamke nusu nyoka. Mimi nikiiona naona kabisa Bahari ya Hindi yetu ndani yake, ni jamaa wa kiti cha enzi cha Lamu, ule ule mchezo wa mbao nyeusi na kitu cheupe.

Sasa duka moja hapa mjini, jina naliacha, walikuwa na contador ndogo ya kuweka juu ya meza, wakaniambia ni ya karne ya 17, bei euro 2,600, tukapatana mpaka 1,900. Na hapo akili ingenishtua, manake contador ya kweli ya wakati ule ikiwa nzima haiuzwi kwa bei hiyo, ni bei ya gari, tena gari nzuri. Lakini ilikuwa inapendeza na muuzaji alikuwa anaongea vizuri, nikalipa, nikaibeba kwa teksi kama mtoto.

Usiku nikampigia babangu video. Nikamwonyesha mbele, akanyamaza. Akaniambia mwanangu, toa hiyo droo, igeuze. Nikageuza. Akasema sogeza simu hapo kwenye parafujo. Nikalifungua moja nikaliweka kiganjani, lilikuwa na ncha kali na meno yamejipanga sawa sawa mwanzo mwisho. Akasema hili limetoka kiwandani. Na ni kweli, maparafujo ya zamani yalikatwa kwa tupa na mkono, mwisho wake butu, ule mfereji wa bisibisi mara nyingi hauko katikati, hizi zenye ncha kali zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1800. Parafujo moja peke yake si ushahidi, mtu anaweza kurekebisha kitu cha kale akaweka jipya, kwa hivo tukaendelea. Mbao ya chini ya droo ilikuwa na alama za msumeno zimepinda kama upinde, huo ni msumeno wa duara wa mashine, msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka. Ile "pembe" ilikuwa na vidoa vidogo vyeusi vyeusi, huo ni mfupa, pembe ya kweli haina vidoa hivo, ina mistari inayopishana kama wavu ukiitazama pale ilipokatwa. Na matundu ya wadudu yalikuwa yameingia wima, yote saizi moja, nikatia waya mwembamba ukasimama wima kama msumari. Mdudu hatoboi hivo, njia yake inakata kona.

Nililala vibaya sana siku hiyo. Si pesa tu. Ile raha niliyokuwa nayo kwamba nimeshika kitu kilichopita bahari ya kwetu, ilikuwa imetolewa ndani ya nyumba.

Lakini hapa ndio nataka mnisikie vizuri. Nilikuwa nimedai fatura, risiti rasmi, na kwenye ile fatura waliandika kwa mkono wao "século XVII". Nikarudi nayo. Mara ya kwanza wakaniambia ni maoni tu ya babangu. Mara ya pili mwenye duka hayupo. Mara ya tatu nikaomba Livro de Reclamações, hiki ni kitabu cha malalamiko ambacho kila biashara Ureno inatakiwa na sheria iwe nacho na ikupe ukikiomba, na ukiandika nakala inaenda kwa wasimamizi. Kabla sijashika kalamu mwenye duka akapatikana. Pesa zangu zikarudi zote baada ya wiki kama 3. Kama ningekubali kupunguziwa ile 50 aliyotaka kunipunguzia nisidai fatura, hadithi ingekuwa nyingine.

Tangu hapo nikaweka nadhiri sinunui kitu kabla sijaona ndugu zake wa kweli. Na kwa hilo naisifu bila kusita Museu de Artes Decorativas Portuguesas, iko pale Largo das Portas do Sol, mtaa wa Alfama, tramu ya 28 inapita mlangoni. Ni jumba la karne ya 17, mfanyabiashara wa benki Ricardo do Espírito Santo Silva alilinunua 1947 akalijaza vitu vyake, halafu 1953 akaitolea nchi ikawa taasisi, makumbusho na shule pamoja. Kinachonifurahisha ni vile vyumba vimepangwa kama nyumba ya watu, siyo vitu vimefungiwa kwenye vioo tu, kwa hivo unaona kiti kiko karibu na meza yake, zulia la Arraiolos chini, vigae ukutani, unaelewa nani alikaa wapi. Na wana karakana zao za ufundi wa mkono, kuchonga, kupaka dhahabu, kujalidi vitabu, kazi za mbao. Mimi nilisimama mbele ya contador zao karibu saa nzima, mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa naangalia kingo za droo, pale vidole vya watu miaka mia tatu vimekula mbao, zimelainika lakini si sawa kote, kule kunakoshikwa sana kumekwisha zaidi. Ile yangu ya dukani ilikuwa imesuguliwa sawa kila mahali. Nenda pia Museu Nacional de Arte Antiga, Janelas Verdes, kule kuna fanicha za India na zile skrini za kukunja za Kijapani zinazoonyesha meli ya Wareno inatia nanga, mabaharia weusi wako juu ya kamba za meli, nilitazama nikapata ganzi.

Feira da Ladra sasa. Ni soko la Jumanne na Jumamosi, Campo de Santa Clara, nyuma ya kanisa la São Vicente de Fora. Nenda asubuhi mapema na tochi na kitambaa, usiende na begi la mgongoni lililo wazi, saa nne ukifika wenye maduka yao wameshapita zamani. Fanicha kubwa hapo si nyingi, nzuri zaidi ni vitu vidogo, bawaba, makufuli, vitasa vya shaba, sahani za Vista Alegre (kiwanda cha tangu 1824, geuza sahani uangalie alama), mabakuli ya Caldas yenye umbo la kabichi. Nimenunua kufuli la kasha kwa euro 12 ambalo babangu amelipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumpelekea. Wauzaji wengi ni watu wazima wenye adabu, ukisalimia bom dia vizuri na usishike kitu bila kuomba, watakuambia ukweli hata kama hununui. Mzee mmoja alinifundisha maneno mawili ambayo peke yake yana thamani ya safari: ukiona kwenye tangazo ama katalogi ya mnada "estilo D. José", maana yake ni mtindo wa mfalme Dom José tu, inaweza kuwa imetengenezwa juzi. Ikiandikwa "época D. José" ndio wanadai ni ya enzi yake hasa, 1750 mpaka 1777. Neno moja, na bei inaruka mara kumi. Na minadani kumbuka juu ya bei uliyonyanyulia mkono kuna kamisheni na kodi yake, ulizia kabla.

Vigae sijanunua na sinunui. Najua vinavutia, zile za bluu na njano za karne ya 17, kila kigae sentimita 14 hivi, unavikuta vimepangwa kwenye sanduku chini. Lakini muulize muuzaji kimetoka ukuta gani. Wizi wa azulejo, yaani hivyo vigae, Lisbon umekuwa mkubwa mpaka makumbusho ya polisi wa upelelezi wakaanzisha mradi wa SOS Azulejo 2007, na kuvibandua kwenye kuta za nje za majengo sasa sheria inakataza. Mimi nimepita mitaa ya Alfama nikaona ukuta una pengo, mraba mraba mweupe kama meno yameng'olewa, na nikakumbuka kwetu, milango ya nakshi iliyong'olewa kwenye nyumba za Mji wa Kale ikauzwa, nyumba zikabaki na mbao za kawaida. Siwezi kufanya huku kile kilichonikera kule. Ukitaka kuvishiba nenda Museu Nacional do Azulejo, kwenye konventi, nyumba ya watawa, ya Madre de Deus ya 1509, kuna picha ya mji wa Lisbon yote kwa vigae, karibu mita 23, inaonyesha mji kabla ya tetemeko la 1755 kuuangusha.

Nilichonunua mwisho ni viti viwili vya ngozi. Vile vyenye mgongo mrefu, ngozi imechorwa maua kwa kugongwa, pembeni misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa. Muuzaji mama mmoja mwenye duka dogo, akaniambia mwenyewe kabla sijauliza kwamba si vya miaka ya 1600, ni nakala za mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mguu mmoja umewahi kuvunjika ukaungwa, akanionyesha pale pale, akaandika yote kwenye fatura. Euro 340 vyote viwili. Vinakaa imara, ngozi haijapasuka, nikavigeuza nikaviangalia robo saa na yeye ananishikia tochi. Huyo mama ningekuwa na nyota zaidi ya 5 ningempa.

Kuvituma Mombasa nilitumia jamaa wanaojaza kontena la pamoja, ilichukua zaidi ya miezi 2, mguu mmoja ulifika na mchubuko lakini si ule ulioungwa. Angalizo kubwa: uliza ni mbao gani. Fanicha nyingi za Kireno ni pau-santo, mti wa Brazil ambao biashara yake ya kimataifa imezuiwa tangu 1992 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, bila karatasi utazuiliwa, na pembe ya ndovu hata usijaribu, Kenya hiyo si mzaha. Viti vyangu ni mti wa chestnati, nikaandikiwa.

Babangu alipovipokea hakukaa. Alivilaza chini sebuleni, akaita miwani, akaanza kukagua upande wa chini, mamangu akalalamika chakula kinapoa. Sasa ana kazi nyingine kichwani. Nilimtumia picha za meza za karne ya 17 zenye ule urembo Wareno wanauita tremido, kingo zimejaa mawimbi madogo madogo kama maji ya hori la Tudor kwetu Mombasa upepo ukianza, na anataka kujua walikata vipi mawimbi yakawa sawa vile bila mashine ya umeme. Anaamini kuna kifaa cha kuongoza randa. Jumamosi nikitoka Feira napanda Portas do Sol kuuliza watu wa karakana kama wataniruhusu kupiga picha ya upande wa ndani, yeye ameshatenga kipande cha mvule, anasubiri.