Sava ya nyumbani kwenye joto la Pwani: ununue mashine gani?

Sava, yaani kompyuta inayohudumia tovuti na mafaili muda wote, haizimwi, na hapo ndipo hesabu yake inapoachana na ya kompyuta ya kawaida. Kila wati inayoingia kwenye mashine hutoka ikiwa joto, usiku na mchana. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Februari, joto hilo linamwagwa kwenye chumba ambacho chenyewe kina nyuzi 32 au 33. Mashine inayokaa nyuzi 50 kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 itafika 61 hivi sebuleni kwako kwa kazi ileile. Ndiyo maana hapa tumepanga kwa wati kwanza, kasi baadaye. Kwa tovuti ya duka, picha za familia na kutunza mafaili, prosesa ya mwaka 2017 inatosha na kubaki.

Piga hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania: shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi ndani. Mashine ya wati 10 inakula uniti 7.2 kwa mwezi, kama shilingi 2,600. Ya wati 100 inakula uniti 72, zaidi ya 25,000. Na kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ya wati 100 peke yake imekaribia kumaliza fungu lako kabla hujawasha taa.

1. Kompyuta ndogo za ofisini za mtumba

Ni zile za ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex 3050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini, Lenovo ThinkCentre M710q. Zikiwa hazina kazi nzito hula wati 10 hivi, zina nafasi ya SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) mbili, na RAM, yaani memori ya kazi, unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja. GB 8 zinatosha kuanzia.

Angalia herufi ya mwisho ya prosesa. i5-7500T, yenye T, imetengenezwa kwa wati 35. I5-7500 isiyo na T ni ya wati 65. Maboksi yanafanana na muuzaji atakwambia zote ni "i5". Kwa joto letu unataka yenye T.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya dukani. Mwambie muuzaji awashe, kisha ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo uingie kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri, irudishe mezani. Ilitoka kwenye kampuni na hakuna aliyeifungua. Ukiingia, tazama tarehe. Ikionyesha mwaka wa zamani, betri ya kidonge CR2032 imekufa. Ni betri ya bei ndogo, lakini ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika mashine inasahau mipangilio, ukiwemo ule unaouhitaji kuliko yote: kujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Kwa Dell unaitwa AC Recovery, kwa HP na Lenovo After Power Loss. Uweke Power On. Bila hivyo, umeme ukikatika wewe ukiwa safarini Mbeya, tovuti inalala mpaka urudi.

Dai adapta yake halisi, wati 65. Adapta ya kubahatisha ndiyo chanzo cha mashine nyingi "kuzima zenyewe", na watu huishia kulaumu joto.

2. Tini klienti isiyo na feni

Tini klienti ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyotengenezwa kuunganishwa na sava. Dell Wyse 5070 ndiyo ya kutafuta: prosesa ya Celeron J4105 au Pentium J5005, wati 10, hakuna feni ya kuziba vumbi wala kuliwa na chumvi ya bahari. Ukikaa karibu na ufukwe, hii inaweza kuipita namba moja. Kasoro yake: tundu la M.2, pale SSD bapa inapochomekwa, linapokea SSD ya aina ya SATA tu. Ukinunua ya NVMe, aina nyingine ya SSD, haitafanya kazi. Isimamishe wima kwenye mguu wake, hewa ipande pande zote mbili.

3. Laptopu kuukuu

Ni ya bure kama iko kabatini, na ina betri yake. Ukiiwekea Linux ya Ubuntu au Debian, fungua `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, la sivyo ukifunga kifuniko inalala. Feni nyingi huvuta hewa kutoka chini, kwa hiyo inyanyue kwa vifuniko vinne vya chupa ya soda, kimoja kila kona. Hatari ni betri kukaa asilimia 100 kwenye joto mwaka mzima: inavimba. Padi ya kugusa ikianza kuinuka, zima, betri itolewe siku hiyohiyo. Kama programu ya mashine inaruhusu kukomesha chaji kwenye 60 au 80, iwekee.

4. Raspberry Pi 5

Hii ni kompyuta ya bodi moja, ndogo kama kadi. Inasifiwa sana kuliko inavyostahili kwa kazi hii. Ukijumlisha adapta yake ya volti 5 ampea 5, kipoozeo, boksi na SSD, bei inafika au inapita ya kompyuta ndogo ya mtumba. Ukiiwasha kwa adapta ya ampea 3, milango ya USB yote kwa pamoja inapewa miliampea 600 tu, na diski ya nje inakatika katikati ya kuandika. Ikifika nyuzi 80 inaanza kupunguza kasi. Andika `vcgencmd get_throttled`: `0x0` ni salama, `0x50000` maana yake iliwahi kupungukiwa umeme na kupunguza kasi. Usiiendeshe kwa memori kadi. Database huichosha mapema.

5. Sava halisi ya kampuni

Wati 100 na kuendelea, feni ndogo zinazopiga kelele kama blowa ya saluni. Iache.

Popote utakapoiweka, isiwe ndani ya kabati la TV wala juu ya friji, wala chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Acha sentimita 10 kila upande wenye matundu. Kila miezi mitatu ipulize vumbi, huku umeshikilia pangaboi la feni kwa kijiti. Likizungushwa na upepo wa blowa beringi huharibika. Mashine ya miaka mitano, badilisha ule uji wa kijivu kati ya prosesa na chuma cha kupoozea. Futa wa zamani kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele uliopikwa, rudisha skrubu kwa mshazari.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA itabeba mashine ya wati 10 pamoja na ruta kwa saa moja na zaidi, ila usiiegemeze kwenye mashine: betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 juu ya 25.

Na kabla ya kununua chochote, fungua ukurasa wa ruta utazame anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja, na kufungua milango 80 na 443, ile inayotumiwa na tovuti, hakutasaidia. Tumia Cloudflare Tunnel, huduma inayopitisha wageni mpaka kwenye sava bila kufungua milango hiyo.

Mashine ikifika nyumbani, usisubiri: weka `lm-sensors` (husoma joto) na `stress-ng` (huitesa prosesa), saa nane mchana uendeshe `stress-ng --cpu 0 --timeout 20m`, na kwenye dirisha la pili `watch sensors`. Ikitulia chini ya 80, ni nzima. Ikipita 90, irudishe dukani risiti ikiwa bado mbichi.