Pleya ya video yenye matangazo inalipa? Uzoefu wangu kutoka Mtwara

Naendesha tovuti hapa Mtwara yenye sura mbili. Upande mmoja ni bei za minada ya korosho, Kiswahili kitupu, na wasomaji wake ni wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi. Upande wa pili ni makala za Kiingereza kuhusu Mikindani, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kwa ajili ya wageni wanaopanga safari. Msimu uliopita niliweka pleya ya video yenye matangazo pande zote mbili, kupitia kampuni moja ya nje. Wanakupa msimbo, unaubandika, na video wanazileta wao. Wenzangu wengi wananiuliza kama inalipa. Inalipa, ila si pale unapotegemea.

Minada inapoanza mwezi Oktoba, ukurasa wa bei unafurika. Pesa haikutoka huko. Nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada wa kompyuta, kama korosho zenyewe: wanunuzi wanashindana bei, na mzigo usio na mnunuzi unabaki ghalani. Msomaji aliyeko Marekani au Uingereza anagombewa kwa bei kubwa kuliko wa Tandahimba, na kwa huyu wa Tandahimba mara nyingi hapatikani mnunuzi kabisa. Pleya inafunguka, inazunguka, inacheza video isiyokuingizia kitu. Chukua mfano: ukurasa umefunguliwa mara 10,000, tangazo limepatikana kwa asilimia 20 tu. Hayo ni matangazo 2,000. Kama malipo ni dola 1 kwa kila matangazo 1,000, umepata dola 2, na kampuni bado haijakata chake. Kwenye dashibodi yangu, makala ya Kilwa yenye wasomaji wachache iliupita ukurasa wa bei kwa mapato, tena kwa mbali.

Kilichoniuma zaidi ni adha kwa wasomaji. Ukishusha ukurasa, pleya inakufuata na kujibana kona ya chini kulia. Kwenye simu ndogo inaziba safu ya bei ya juu, namba ileile mkulima aliyoifuata. Alama ya kuifunga haishikiki kwa kidole, na ukiikosa unajikuta ndani ya tangazo. Mzee mmoja, mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Newala, alinipigia: "Mwanangu, natafuta bei, inakuja sabuni. Mpaka bei itokee, bando limekata." Nikamwambia, "Nimekusikia mzee wangu, naitoa leo." Nikaitoa siku hiyohiyo kwenye kurasa zote za bei. Mtu ana korosho zake ghalani, anataka kujua namba moja tu. Kumlia bando ili mimi nipate senti mbili si haki, na siwezi kuirudisha hata wakiongeza malipo.

Kuna sababu nyingine ya malipo kuwa madogo, na mawakala wa kampuni hizi hawaisemi wanapokushawishi. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinazuia video nyingi zinazojicheza kwa sauti, kwa hiyo pleya hizi huanza kimya. Mwaka 2023 IAB Tech Lab, chombo kinachoweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, kikabana zaidi: video iliyojianzia kimya bila msomaji kuitaka haiwekwi tena daraja moja na ile aliyoibonyeza mwenyewe. Daraja likishuka, bei inashuka. Halafu tangazo la video huhesabiwa kuwa limeonekana pale angalau nusu yake ikiwa kwenye skrini kwa sekunde 2 mfululizo. Anayeshuka mbio kutafuta bei ya Masasi hafiki hapo.

Kuhusu YouTube, wengi wanachanganya. Ukipachika video ya mtu mwingine, pesa ya tangazo ni ya mwenye chaneli, tovuti yako haipati chochote. Ikiwa chaneli ni yako, utahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha kwa video ndefu unachukua asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Kwa mwenye kamera na uvumilivu, naiona njia hii ni safi zaidi.

Sasa pleya nimeibakiza kwenye makala za wageni peke yake. Nimeweka video niliyopiga mwenyewe, ya kuvuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko hadi kwenye ngome ya Gereza huko Kilwa Kisiwani, na haichezi mpaka mtu abonyeze. Wageni wanaitazama kwa sababu wanataka kujua uvukaji wenyewe ukoje. Mapato yanatosha kulipia seva na kubakiza kidogo.

Nyota 4 kwa kurasa za wageni, nyota 1 kwa kurasa za bei. Kabla hujasaini na kampuni yoyote, uliza kama pleya inaweza kuzuiwa isimfuate msomaji, kama unaruhusiwa kuweka video zako, kama unaweza kuchagua kurasa na nchi, na pesa ifikie kiasi gani ndipo wakulipe. Wakikwepa swali hilo la mwisho, usiubandike msimbo wao.