Kangaga mti au sikadi: mbegu iko wapi?

Ukitazama kangaga mti na sikadi, mimea miwili ya Uganda, kwa mbali utaapa ni ndugu: shina moja, na majani marefu yamejitandaza juu kama mwavuli. Sasa geuza jani la kangaga mti wa Bwindi, msitu wa kusini-magharibi mwa Uganda. Chini yake kuna vidoa vya kahawia, na ukivisugua vinaacha vumbi kidoleni. Vumbi hilo ni spora, chembe ndogo za uzazi ambazo si mbegu. Ikiangukia penye unyevu, huota kimmea chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha. Hapo ndipo hutokea yai na chembe za kiume, nazo lazima ziogelee majini kulifikia yai. Pakikauka, hakuna mtoto.

Sikadi ya Mpanga huota porini kwenye korongo la mto Mpanga tu, magharibi mwa Uganda. Haina maua wala matunda, lakini mbegu inazo. Mmea dume na mmea jike ni mbalimbali, kila mmoja na koni zake (vishada vigumu vya magamba vinavyobeba chavua au mbegu), na wadudu hubeba chavua, yaani unga wa kiume, hadi kwenye mmea jike. Chembe za kiume bado huogelea (ajabu kweli), ila safari yote iko ndani ya mbegu changa, haingoji mvua. Mbegu ikikomaa ina chakula cha akiba na ganda gumu, ndiyo maana sikadi huweza kukaa kwenye miteremko ya mawe.

Kwa kusafiri, kangaga inashinda bila ubishi: spora hupeperuka mbali, ilhali mbegu nzito ya sikadi huanguka karibu na mama yake. Nayo sikadi hii imo hatarini kabisa kutoweka.