Gesi ya Mimea ya Akwariamu: Ununue Mtambo Gani Ukiwa Kisumu

Nianze na jibu la mtambo gani wa kutoa kaboni dayoksaidi, gesi inayolisha mimea ya tangi. Kwa tangi la lita 60 hadi 150, nunua seti ya chupa mbili inayotumia asidi ya sitriki na magadi soda. Hamira naiweka nafasi ya pili, tena kwa tangi dogo tu. Mtungi wa chuma uliojazwa gesi ndio bora kuliko yote kwa kazi yenyewe, ila naushusha hadi ya tatu kwa sababu ya gharama na shida ya kuujaza. Mtungi wa kuzimia moto na ile dawa inayouzwa kwa jina la kaboni ya maji, viache dukani.

Kipimo changu kikuu katika mpangilio huu ni kimoja: je, unaweza kuifunga gesi usiku? Kutengeneza kaboni dayoksaidi si kazi, hata unga wa mandazi ukiumuka huitoa. Mimea huitumia penye mwanga tu. Taa zikizimwa, nayo huanza kuvuta oksijeni pamoja na samaki, na gesi inayoendelea kuingia hujaa majini bila mlaji. Kwa hiyo pesa yako inanunua koki ya kuifunga gesi.

Nilikuwa na tangi la lita 80 lenye chupa mbili za hamira. Usiku mmoja stima ikapotea mtaani. Pampu ya chujio ikanyamaza, maji yakatulia tuli, hamira ikaendelea na kazi yake gizani. Alfajiri nikawakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji, wanahema. Nilichukua kikombe nikawa nachota na kumwaga kutoka juu ili hewa iingie, kikombe baada ya kikombe, hadi mkono ukafa ganzi. Gapi tisa walikufa. Joto la Kisumu linaongeza hatari hii kwa njia mbili: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na hamira kwenye joto hukimbia.

Ya kwanza: sitriki na magadi soda

Seti hii huja na vifuniko viwili, mipira ya kupitishia gesi, geji ya presha na koki ya sindano, ile ya kurekebisha gesi kidogo kidogo. Chupa ni za soda, zako mwenyewe. Chupa moja unatia sitriki gramu 200 na maji kama mililita 600. Ya pili magadi soda gramu 200 na maji mililita 200. Ukiminya ya sitriki, asidi inavuka kidogo kidogo, gesi inazalishwa, presha inapanda kisha inasimama. Ukifunga koki, mtambo unatulia. Ukifungua kesho, unaendelea pale ulipoachia. Mchanganyiko huo hutoa takriban gramu 105 za gesi, na sitriki kidogo hubaki bila kazi. Ukitaka viishe pamoja, kila gramu 200 za sitriki zinahitaji magadi gramu 260 hivi.

Dukani kagua koki kwanza. Izungushe taratibu: iwe nzito kidogo, isicheze. Koki inayoruka kutoka kufungwa hadi kufunguka kabisa haitakupa kiputo kimoja kwa sekunde hata ufanyeje. Uliza kama kuna vali ya kupunguza presha ikizidi, na kama haipo, usinunue. Nyumbani, kabla ya kuunganisha na tangi, paka povu la sabuni kila kiungo. Mahali panapovuja patachemka vipovu vidogo, nawe utapaona wazi.

Mpira nao una siri yake. Ule laini wa silikoni unaouzwa kwa pampu za hewa huipitisha gesi hii kwenye kuta zake polepole. Tafuta mpira mgumu kidogo. Mimi huingia duka la dawa nikasema, "Daktari, naomba mpira wa dripu." Kile kichupa chake cha matone kinakuwa kihesabu viputo kizuri, bei nafuu, na unakiona kwa macho yako. Kiweke baada ya koki, kamwe si kabla, maana hakikuundwa kwa presha.

Sitriki hupatikana kwa wauza vifaa vya kuoka na kemikali za sabuni. Magadi, soma paketi vizuri: bikaboneti ya sodiamu, si beking pauda. Beking pauda ina wanga na asidi yake ndani, ikiguswa na maji tu inaanza kufumka.

Ya pili: hamira na sukari

Chupa ya soda ya lita 2, vikombe viwili vya sukari, robo kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu hadi mabegani. Hapa kwetu wiki ya kwanza inatoka kwa fujo, ya tatu imechoka. Wenzetu wa Nakuru, kwa baridi yao, chupa moja huwadumu zaidi. Kupanda na kushuka huko kwa gesi ndiko kunakoleta mwani, kwani mimea inazoea gesi nyingi kisha inaikosa. Dawa yake ni chupa mbili zilizoanzishwa kwa kupishana wiki moja.

Usijaribu kuifunga usiku. Presha haina pa kwenda, kifuniko kitaruka au chupa ipasuke. Badala yake washa pampu ya hewa taa zikizimwa. Chupa nyembamba ya maji haifai, na ya kioo ni bomu. Weka chupa ndogo katikati ya kunasa povu, la sivyo utakuta togwa ndani ya tangi. Sukari nguru ni rahisi kwetu huku kwenye mashamba ya miwa, lakini povu lake ni balaa. Na difyuza ya kauri laini, kile kifaa cha kuvunja gesi iwe viputo vidogo, usiinunue kwa mtambo huu, hamira mara nyingi haina nguvu ya kuisukuma. Peleka mpira kwenye mdomo wa chujio, pampu ivivunjevunje viputo yenyewe.

Ya tatu: mtungi

Kilo 2 za gesi ni zaidi ya lita 1,000 zikifunguliwa, sawa na kuandaa ile seti ya sitriki mara 19. Mwenye tangi la lita 200 na zaidi asisite, mradi ajue atajaza wapi kabla hajalipa. Kenya tuna visima vya gesi hii Kereita, Kiambu, lakini hilo halimsaidii mtu wa Kondele hapa Kisumu kama muuzaji wa karibu hapokei mtungi mdogo. Angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni. Chagua solenoidi, yaani vali ya umeme, inayojifunga stima ikikatika. Usiuache ndani ya gari juani: kwenye nyuzi 20 presha ni baa 57 hivi, kwenye 30 inapita 70.

Wa kuzimia moto una bomba refu hadi chini linalotoa gesi ikiwa bado kimiminika, na regyuleta, kifaa cha kushusha presha, haikuumbiwa hilo. Mafundi wetu wa Kibuye nawaheshimu sana, ila kazi ya kuubadilisha mtungi huo usiwape.

Kaboni ya maji ni glutaraldehaidi, dawa ya kuulia vijidudu kwenye vyombo vya hospitali. Mmea wa valisneria huyeyuka nayo.

Mfuko ukiwa mtupu, panda anubia na jimbi la Java, hazidai gesi ya ziada. Tafadhali usichote magugu ziwani. Konokono wanaokuja nayo ndio wanaobeba kichocho.

Chochote utakachonunua, ongeza kile kibuyu kidogo cha kioo chenye maji ya rangi, kinachoonyesha kiasi cha gesi tangini. Kijaze maji yaliyopimwa ugumu wa kaboneti wa nyuzi 4 (4 dKH), si maji ya tangi. Buluu, gesi haitoshi. Kijani, uko karibu na miligramu 30 kwa lita. Njano, funga haraka, na kama ni hamira washa pampu ya hewa. Rangi huchelewa saa moja mbili, basi anza na kiputo kimoja kila sekunde mbili, uongeze kidogo siku inayofuata. Maji yetu ya ziwa ni laini na pH yake, kipimo cha uasidi, hushuka upesi gesi ikiingia. Kwa sitriki au mtungi, fungua saa moja kabla ya taa kuwaka, na ufunge saa moja kabla hazijazimwa.