Hafushafti na flenji za Land Rover Defender: zipi zinunuliwe kwanza

Mlio wa "ko!" kila ukiachia mafuta na kukanyaga tena ndio unaowapeleka wenye Defender wengi (zile zilizotengenezwa hadi 2016) dukani kutafuta spea. Fundi atataja difu (gia za ndani ya ekseli), au jointi za propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), na pengine ni kweli. Lakini kabla hujatoa hela, vua kifuniko kidogo cha mpira kilicho katikati ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ukikuta unga wa kutu wa kahawia umejaa kwenye meno yanayoshikanisha hafushafti (shafti inayotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu) na flenji (sahani inayofungwa kwenye habu), mshukiwa umempata. Piga jeki, usukesuke gurudumu kwa mkono huku ukiitazama ncha ya shafti. Flenji ikitangulia na shafti ikafuata nyuma, meno yamekwisha. Na tafadhali weka mawe kwenye magurudumu mengine kwanza: hendibreki ya Defender inashika propela, haishiki magurudumu, kwa hiyo ukiinua tairi moja la nyuma gari linaweza kuondoka na hendibreki yake imevutwa.

Meno haya yanaisha kwa ukavu. Katika Defender za zamani oili ya ekseli ilifika mpaka kwenye flenji. Baadaye beringi za habu zikapakwa grisi na kuongezewa sili (mpira wa kuzuia oili), oili ikazibiwa njia, na meno yakabaki yanasagana makavu. Kipi kitangulie kulika ni suala la ugumu wa chuma. Flenji laini kwenye shafti ngumu italika yenyewe, na hiyo ni nafuu. Flenji ngumu kwenye shafti ya kawaida itaila shafti, na hapo gharama inapanda. Ndiyo maana nashikilia kwamba vitu hivi vinunuliwe kwa jozi.

Nafasi ya kwanza: jozi mpya ya kiwango cha kiwandani. Kwa gari lenye tairi za kawaida na lisilo na loka ya difu (kifaa cha kuifunga difu ili magurudumu mawili yazunguke pamoja), sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Ekseli ya Defender hubebesha uzito wa gari kwenye beringi za habu, na shafti inabaki na kazi ya kuzungusha gurudumu tu. Gari la shamba au la kupeleka wageni mbugani litaridhika kabisa. Badilisha pande zote mbili, paka meno grisi kabla ya kufunga, na mpe fundi agizo la kurudia kuyapaka kila anapofungua habu.

Nafasi ya pili: seti nzito ya mtengenezaji mmoja. Hii inapanda kuwa ya kwanza siku utakapofunga loka au tairi za inchi 33 na zaidi. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa pande zote mbili. Ukiifunga loka na tairi moja likawa hewani, nguvu yote inaangukia shafti ya upande ulioshika ardhi, na shafti ya kiwandani haikuundwa kwa hilo. Ashcroft Transmissions wa Luton, Uingereza, na Hi-Tough wa Australia ni kati ya wanaotengeneza shafti na flenji zake. Chuma cha kuulizia ni aloi kama 4340 au 300M. Ukiona shafti imepunguzwa unene katikati usidhani umepunjwa: msokoto unatawanyika mwili mzima badala ya kukusanyika kwenye shina la meno, mahali shafti nyingi zinapokatikia. Tafuta flenji yenye kifuniko cha chuma na ringi ya mpira. Hiyo inakuruhusu kuondoa sili ya ndani ili oili ifike kwenye meno tena. Ukifanya hivyo, pima oili ya difu upya, kwa sababu sehemu yake itahamia kwenye habu.

Shafti ikigoma kukatika, mzigo unahamia difu. Defender 110 (zile ndefu) nyingi za kabla ya 2002 zina difu ya aina ya Salisbury nyuma, ambayo ni imara. Mwenye 90, ile fupi isiyo na difu hiyo, aweke bajeti ya difu mapema.

Nafasi ya tatu: flenji nzito kwenye shafti uliyonayo. Kubali tu ikiwa shafti ni nzima. Isafishe, kisha pitisha ukucha kando ya meno kwa urefu. Ukucha ukikwama pale flenji ya zamani ilipokuwa inaishia, usiweke flenji mpya hapo.

Ya mwisho: flenji ya mtumba. Imeshazoea shafti nyingine. Iache.

Nenda dukani na shafti ya zamani mkononi, usitegemee mwaka wa gari. Upande wa difu, shafti za zamani zina meno 10 na za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 zina 24, lakini Salisbury ilikuwa na 24 tangu awali, na magari mengi yamekwisha kubadilishiwa ekseli. Mbele, upande wa sivi (jointi ya CV inayoruhusu gurudumu kukata kona), utakuta meno 23 au 32. Ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu, kwa kuwa difu haikukaa katikati.

Wenye Land Cruiser za 70 na 80: nyuma kwenu shafti na flenji ni kipande kimoja. Kwa 80 zinazovuta magurudumu manne muda wote, kagueni flenji za mbele.

Kwa Defender pia za mbele zinafanya kazi muda wote, kwa hiyo zikague siku hiyo hiyo. Agiza gasketi, klipu na shimu (ringi nyembamba za kurekebisha nafasi) pamoja na flenji, maana flenji mpya ya mbele hailazimiki kukaa sawa na shimu za ile ya zamani.